John Hanning Speke

John Hanning Speke (4 Mei 1827 – 15 Septemba 1864) alikuwa afisa wa jeshi kutoka Uingereza na mpelelezi wa Afrika ya Mashariki. Anajulikana hasa kama Mzungu wa kwanza aliyefika Ziwa Viktoria, mwaka 1858, na aliyetangaza kwamba ziwa hilo ndilo chanzo cha mto Nile. Tangazo lake lilikuwa la kweli, lakini vipimo alivyorudi navyo havikutosha kulithibitisha. Aliaga dunia siku moja kabla ya mdahalo uliopangwa juu ya suala hilo, na ukweli wa alichosema ulikubaliwa miaka mingi baadaye, baada ya wengine kwenda kupima upya.

Jina lake limebaki katika Ghuba ya Speke, mkono wa ziwa unaoingia nchi kavu kati ya mikoa ya Mwanza na Mara nchini Tanzania na kufika pwani ya wilaya ya Bunda.

Maisha ya awali

Speke alizaliwa Orleigh Court, karibu na mji wa Bideford katika wilaya ya Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Mwaka 1844, akiwa na umri wa miaka 17, alijiunga na jeshi la Kampuni ya Uhindi ya Mashariki akapelekwa Bengali. Alipigana katika vita vya Punjab. Wakati wa likizo alipenda kwenda milima ya Himalaya na mipaka ya Tibet, ambako aliwinda, alikusanya wanyama na ndege kwa ajili ya makumbusho, na kujifunza kuchora ramani.

Mwaka 1854 alifika Aden, akajiunga na msafara wa Richard Francis Burton uliokusudia kuingia nchi ya Wasomali. Mwezi Aprili 1855 kambi yao ilivamiwa usiku karibu na Berbera. Mwenzao mmoja aliuawa, Burton alichomwa mkuki uliopita mashavu yote mawili, na Speke alikamatwa na kuchomwa mara kadhaa kabla ya kufanikiwa kutoroka. Baada ya kupona alihudumu katika Vita vya Krimea.

Safari ya kwanza, 1857–1859

Mwezi Desemba 1856 Burton na Speke walifika Unguja. Walitumwa na Shirika la Kifalme la Jiografia la London kutafuta maziwa makubwa ambayo habari zake zilikuwa zikiletwa pwani na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857 na msafara wa wapagazi na askari wa Kibaluchi, wakafuata njia ya biashara hadi Kaze, yaani Tabora ya leo, walipofika mwezi Novemba. Kati ya watu waliofanikisha safari hiyo alikuwemo Sidi Mubarak Bombay, Mwafrika aliyewahi kuchukuliwa mtumwa na kuishi Uhindi, ambaye alizungumza na Speke kwa Kihindustani. Speke hakujua Kiarabu, na Kiswahili alikijua kidogo tu.

Tarehe 13 Februari 1858 msafara ulifika Ziwa Tanganyika. Wote wawili walikuwa wagonjwa. Burton hakuweza kutembea, na macho ya Speke yalikuwa yamevimba kiasi kwamba hakuliona ziwa vizuri. Saa zao maalumu za kupimia longitudo zilikuwa zimeharibika njiani. Walisafiri kwa mitumbwi hadi Uvira, upande wa kaskazini, ili kuona kama mto Rusizi unatoka ziwani kuelekea Nile. Wenyeji waliwaambia kwamba Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Hawakufika mtoni wenyewe kuhakikisha.

Walirudi Kaze mwezi Juni. Waarabu wa huko walikuwa wameshawaambia kwamba kaskazini kuna ziwa kubwa zaidi, lililoitwa Ukerewe au Nyanza. Burton alibaki kupumzika na kuandika. Speke akaondoka tarehe 9 Julai na kundi dogo pamoja na Bombay. Mwishoni mwa mwezi huo aliuona mkono wa kusini wa ziwa, na tarehe 3 Agosti 1858, kutoka kilimani karibu na Mwanza, aliona maji yaliyopanuka hadi upeo wa macho. Aliliita ziwa hilo Viktoria, kwa heshima ya malkia wa Uingereza. Wenyeji walikuwa wanaliita Nyanza, na Waganda wa upande wa kaskazini waliliita Nalubaale.

Speke alikaa Mwanza siku chache tu. Hakuwa na mashua ya kusafiria ziwani. Hata hivyo aliporudi Kaze mwezi Agosti alimweleza Burton kwamba amepata chanzo cha Nile. Burton hakukubali, akisema kwamba mtu aliyeona pembe moja ya ziwa hawezi kujua maji yanatokea wapi upande wa pili. Kuanzia hapo urafiki wao ulianza kuvunjika.

Kupima kimo kwa maji yanayochemka

Hoja kubwa ya Speke mwaka 1858 ilitokana na kimo cha ziwa juu ya usawa wa bahari. Maji hutiririka kutoka juu kwenda chini. Ili ziwa liwe chanzo cha Nile, ni lazima liwe juu kuliko Gondokoro, kituo cha mto Nile karibu na mji wa Juba wa leo, ambacho wasafiri kutoka Misri walikuwa wameshakifikia. Ziwa lililo chini ya hapo haliwezi kuwa chanzo.

Wakati huo hapakuwa na njia rahisi ya kupata kimo ndani ya bara. Barometa ya zebaki ilikuwa ndefu, ya kioo, na ilivunjika upesi kichwani kwa mpagazi. Kwa hiyo wapelelezi walitumia sufuria ya maji na kipimajoto. Kadiri mtu anavyopanda juu, shinikizo la hewa linapungua na maji yanachemka kwenye joto la chini zaidi. Kwenye usawa wa bahari maji safi huchemka kwa nyuzi 100 za selsiasi. Kiwango hicho hushuka kwa nyuzi moja hivi kwa kila mita 300 za kimo. Musoma, mji ulio kando ya Ziwa Viktoria, maji huchemka karibu na nyuzi 96.

Njia hii ni nzuri lakini haisamehe kosa dogo. Kipimajoto kinachokosea kwa nyuzi moja tu ya selsiasi humpotosha msafiri kwa mita 300 za kimo. Zaidi ya hayo, shinikizo la hewa hubadilika kwa saa na kwa hali ya hewa hata mahali pamoja, kwa hiyo kipimo kimoja kinaweza kukosea kwa makumi ya mita hata kama kifaa ni kizima. Ndiyo sababu kipimajoto kinapaswa kukaguliwa pwani kabla ya safari na baada yake, maji yachemshwe mara nyingi, na matokeo yote yaandikwe.

Namba za Tanganyika na za Viktoria

Kwa Ziwa Tanganyika, msafara ulitumia kipimajoto cha kawaida kilichotengenezwa kwa ajili ya maji ya kuogea. Kilitoa kimo cha futi 1,850, yaani mita 564 hivi. Kimo cha kweli ni karibu mita 773. Tofauti ya mita 209 inaonekana kubwa, lakini kwenye kipimajoto ni kama sehemu saba za kumi za nyuzi moja ya selsiasi.

Kwa Ziwa Viktoria, Speke alipata futi 3,750 hivi, yaani mita 1,143. Kimo kinachokubalika leo ni karibu mita 1,134. Kwa vifaa alivyokuwa navyo, kukosea kwa mita 9 tu ni jambo la kushangaza. Lakini wakati ule hakuna aliyeweza kujua kwamba namba hiyo ilikuwa nzuri na ile ya Tanganyika mbaya. Zote mbili ziliandikwa kwa namna moja, bila kuonyesha zingeweza kukosea kwa kiasi gani.

Kutokana na namba hizo Speke aliona kwamba Tanganyika iko chini mno kuweza kulisha Nile, na kwamba Viktoria iko juu ya kutosha. Hitimisho lake lilikuwa sahihi katika mambo yote mawili. Hata hivyo, hesabu ya Tanganyika ilisimama juu ya kipimo kibovu, na watu walipogundua ubovu wake hitimisho lenyewe nalo lilianza kutiliwa shaka.

Safari ya pili, 1860–1863

Speke alifika London mwezi Mei 1859, majuma mawili kabla ya Burton, akatoa habari zake. Shirika la Jiografia lilimpa fedha za kurudi Afrika pamoja na afisa mwenzake, James Augustus Grant. Waliondoka Unguja mwezi Septemba 1860, wakapita Kaze, wakafika Karagwe mwezi Novemba 1861, walikopokewa vizuri na mfalme Rumanika. Mwezi Februari 1862 Speke alifika Buganda kwa Kabaka Mutesa I, akakaa huko miezi kadhaa akisubiri ruhusa ya kuendelea.

Tarehe 28 Julai 1862 alifika mahali ambapo maji ya ziwa yanatoka na kuwa mto, karibu na mji wa Jinja wa leo nchini Uganda. Aliyaita maporomoko hayo Ripon. Grant hakuwepo, kwa kuwa mguu wake ulikuwa mgonjwa na alikuwa ametangulizwa njia ya Bunyoro. Kutoka hapo waliendelea kaskazini, lakini hawakuufuata mto wakati wote. Mahali ulipojipinda kwenda magharibi, wao walikata njia ya mkato na kuukuta tena mbele. Tarehe 15 Februari 1863 walifika Gondokoro, ambako walikutana na Samuel Baker. Speke alimweleza Baker kuhusu ziwa jingine la magharibi ambalo hakuweza kulifikia. Baker alilifikia mwezi Machi 1864 na kuliita Albert.

Mabishano

Speke alirudi Uingereza akipokewa kwa shangwe, lakini vitabu vyake vilipotoka mwaka 1863 na 1864, wataalamu wa ramani walianza kuzichunguza namba zake.

Kosa lililoonekana haraka lilikuwa la kimo. Kwa Mwanza, upande wa kusini, uso wa ziwa ulikuwa umepewa zaidi ya futi 3,700. Kwa maporomoko ya Ripon, upande wa kaskazini, vipimo vya safari ya pili vilitoa kiasi cha futi 3,300. Uso wa ziwa moja hauwezi kuwa na mteremko wa futi 400. Kwa hiyo, alidai Burton, Speke hakuona ziwa moja bali maji mawili tofauti, na kati ya Mwanza na Ripon huenda kuna nchi kavu. Tofauti hiyo ya futi 400, iliyotumika kulikata ziwa lote vipande, ni chini ya nusu ya nyuzi moja ya selsiasi kwenye kipimajoto.

Wakosoaji waliona pia kwamba kwa kufuata miinuko iliyoandikwa na Speke, kuna sehemu ambapo Nile ungelazimika kutiririka kupanda juu. Walisema vilevile kwamba, kwa kuwa hakuufuata mto mfululizo, hakuwa na uhakika kwamba mto aliouacha ndio ule alioukuta mbele.

Burton mwenyewe hakuwa na vipimo bora. Alirudia wazo kwamba Tanganyika inatoa maji yake kwa mto Rusizi kuelekea kaskazini, ingawa wenyeji wa Uvira walikuwa wamewaambia kinyume. Ubovu wa kipimajoto cha kuogea sasa ukawa silaha yake, kwa sababu mara namba ya futi 1,850 ilipokubaliwa kuwa ya chini mno, Tanganyika iliweza kuinuliwa tena kwenye ramani hadi kuonekana inaweza kulisha Nile. Baker naye alilipa Ziwa Albert kimo cha futi 2,720, wakati kimo chake cha kweli ni karibu futi 2,030. Kwa namba za aina hiyo kila upande uliweza kupata ushahidi uliotaka.

Kifo

Chama cha Kuendeleza Sayansi cha Uingereza kilipanga Burton na Speke wakutane katika mkutano wake mjini Bath tarehe 16 Septemba 1864. Alasiri ya tarehe 15, Speke alikwenda kuwinda kware kwenye shamba la ndugu zake huko Neston Park. Alipokuwa akivuka ukuta mfupi wa mawe, bunduki yake ilifyatuka na risasi zikampiga kifuani. Alikufa muda mfupi baadaye, akiwa na umri wa miaka 37. Uchunguzi rasmi uliamua kuwa ilikuwa ajali, ingawa wengine walidhani alijiua. Alizikwa Dowlish Wake katika wilaya ya Somerset. Nguzo ya ukumbusho wake imesimama katika bustani ya Kensington mjini London.

Kuthibitishwa

Suala la Rusizi lilimalizwa mwezi Novemba 1871, wakati David Livingstone na Henry Morton Stanley walipokwenda kwa mtumbwi hadi mdomo wa mto na kuona kwa macho yao kwamba maji yanaingia ziwani. Hapo haikuhitajika hesabu yoyote ya kimo.

Suala la Viktoria lilimalizwa na Stanley mwaka 1875. Alibeba kutoka pwani mashua iliyoweza kufunguliwa vipande, akaanza safari mwezi Machi kutoka Kageyi, kijiji kilichopo kwenye ghuba aliyoipa jina la Speke. Alilizunguka ziwa lote na kurudi Kageyi mwezi Mei. Ilionekana kwamba ni ziwa moja na kwamba mto unaotoka ni ule wa Ripon tu. Speke alikuwa amefariki zaidi ya miaka 10.

Pwani ya Mara katika ramani ya Speke

Speke hakufika kamwe katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Mara. Pwani yote ya mashariki ya ziwa, ambako sasa ipo Musoma, aliichora kwa habari za kusikia na kwa kukisia. Alipotazama kutoka Mwanza aliandika visiwa viwili upande wa kaskazini, Ukerewe na Mzita. Ukerewe ni kisiwa kweli, ingawa mlango wake wa bahari mwembamba wa Rugezi, unaovukwa kwa kivuko cha Kisorya katika wilaya ya Bunda, unakitenga kidogo sana na bara. Mzita, yaani Majita, si kisiwa. Ni rasi yenye mlima, iliyoungana na nchi kavu kusini-magharibi ya Musoma. Kwa mtu aliye mbali, nchi ya chini hujificha nyuma ya upeo wa maji na mlima hubaki peke yake, ukionekana kama kisiwa. Wajita wenyewe wangeweza kumweleza, lakini hakuvuka kwenda kuuliza wala kupima.

Leo kimo cha maji ya ziwa ni jambo la kila siku kwa watu wa pwani hiyo. Kina chake kimekuwa kikisomwa huko Uganda kwenye vipimio vilivyosimikwa majini tangu mwisho wa karne ya 19. Maji yalipopanda sana mwaka 2020 na kuingia mashambani na majumbani, wataalamu waliweza kulinganisha kiwango hicho na rekodi ya mwaka 1964 na kuona tofauti ya sentimita chache tu, kwa sababu usomaji ulikuwa umetunzwa kwa miaka yote hiyo. Vivyo hivyo, mradi unaosukuma maji ya ziwa kutoka Mugango kupitia Kiabakari hadi Butiama unategemea kujua sawasawa vijiji hivyo vimeinuka mita ngapi juu ya ziwa. Kosa la mita 200, kama lile la kipimajoto cha kuogea, lingefanya pampu zishindwe kufikisha tone moja.

Tathmini

Speke anakumbukwa kwa uvumilivu wake na kwa kukisia sawa jambo lililowasumbua wanajiografia kwa karne nyingi. Analaumiwa kwa kutomheshimu Burton, na zaidi kwa nadharia aliyoiandika juu ya watawala wa nchi za maziwa. Alidai kwamba walitokana na jamii bora iliyohamia kutoka Uhabeshi. Dai hilo halikuwa na ushahidi wowote, lakini lilichukuliwa na wakoloni na kuleta madhara makubwa, hasa Rwanda na Burundi. Kwa upande mwingine, mchango wa Bombay, wapagazi, Rumanika na Waarabu wa Kaze, ambao bila wao asingelifika popote, ulipewa nafasi ndogo katika sifa zake.

Katika historia ya sayansi, maisha yake yanaonyesha tofauti kati ya kuwa sahihi na kuthibitisha. Alikuwa sahihi kuhusu Nile, lakini kipimajoto kisichokaguliwa na matokeo yasiyorudiwa yalimwacha bila kinga mbele ya wapinzani wake. Kanuni zilizomshinda ndizo zinazofundishwa hadi leo katika maabara za shule: kukagua kifaa kwenye kiwango kinachojulikana, kurudia kipimo, kuandika kilichosomwa na kiasi kinachoweza kukosewa, na kutohitimisha zaidi ya pale vipimo vinapofika. Mwanafunzi wa Musoma au Bunda anayechemsha maji safi ataona kipimajoto kikisimama karibu na nyuzi 96. Akiandika 100 kwa sababu kitabu kinasema 100, atakuwa amenakili, hajapima. Na kwa nyuzi hizo nne atakuwa ameishusha Musoma hadi usawa wa bahari.